Mshtakiwa Aliye Karibu

Watoto wa shule ya viziwi walimwita Mwalimu Vidole, na jina likamganda hata nyumbani. Alizaliwa hasikii. Dada yake, fundi wa programu za simu, ndiye aliyekuwa masikio yake tangu utotoni. Walipokua, dada akatengeneza programu ya kufundisha wazazi lugha ya ishara. Vidole alisimama sebuleni mbele ya kamera, nyuma yake shuka la kijani, akaonyesha neno mojamoja: maji, homa, naogopa. Dada akaipandisha kwenye jukwaa la kampuni kubwa ya ng'ambo.

Watu wakaipenda. Kisha asubuhi moja ikaondolewa jukwaani bila hodi wala kwaheri, na haukupita muda kampuni ikatoa programu yake yenyewe ya ishara. Dada aliifungua jikoni, sufuria ikiungua. Uso ulikuwa wa mwanamke asiyemjua, umechorwa na kompyuta. Lakini kidole cha shahada kilikuwa kimepinda, kama cha mdogo wake tangu kilipobanwa na mlango wa gari.

"Ni mimi," Vidole alisema kwa mikono. "Wamenivua uso, wakaacha vidole."

Wakaenda kwa wakili aliyesoma na dada. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda hadi mezani. Aliusoma mkataba wa jukwaa, akaguna.

"Hapa ndipo penye mfupa. Mnaongozwa na sheria za nchi yao, na mgogoro wowote unaamuliwa na mahakama za mji wao tu. Ulikubali haya?"

"Nilibonyeza tu. Nani anasoma yote yale?"

"Hakuna, na wao wanajua. Kwenda kwao ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Nauli tu itakumaliza."

Dada alikuwa akitafsiri. Vidole akauliza, "Na mimi? Mimi sikubonyeza kitu."

Wakili akavua miwani taratibu. "Kweli. Kifungu kinamfunga aliyekubali. Huyu anaweza kushtaki hapahapa. Ila mahakama itawavuta wageni kwa urahisi zaidi kukiwa na mshtakiwa mwingine anayeishi hapa."

"Nani?"

"Wewe. Ulipobonyeza, ulithibitisha kwamba una idhini ya kila mtu anayeonekana kwenye video. Mdogo wako alikupa idhini?"

Mikono ya dada iligoma hewani. Angeweza kuificha sentensi ile, na Vidole asingejua kamwe.

"Anasemaje?" Vidole aliuliza.

Akamweleza yote. Vidole akamgeukia.

"Siku ile ya shuka la kijani," akasema, "uliniuliza kama nataka kuonekana na dunia nzima?"

"Ulikuwa unacheka!"

"Kucheka si jibu."

Wakili hakuhitaji tafsiri. Alimwambia dada kwa upole, "Wewe itabidi utafute wakili mwingine."

Mama yao aliposikia, alipiga meza. "Watoto wa tumbo moja mburuzane mahakamani? Mngesubiri basi mnizike!" Lakini Vidole alifungua kesi, dhidi ya kampuni na dhidi ya dada yake.

Mahakamani kampuni iling'ang'ania kifungu chake. Jaji akasikiliza, akasema mtu hafungwi na mkataba ambao hakuukubali. Kesi itasikilizwa hapahapa, kwa washtakiwa wote. Dada, kwenye benchi la upande wa pili, alijikuta anashusha pumzi. Ndipo akakumbuka kwamba na yeye ni mmoja wao.

Nje, kwenye korido, Vidole alikuwa na mkalimani wa kuajiriwa, kijana mwenye ishara za haraka. Alisema kitu, Vidole akacheka. Dada hakukiona vizuri. Tangu utotoni hakuna mtu anayesikia aliyewahi kumchekesha mdogo wake kabla yeye hajatafsiri.

Akainua mkono: "Twende nyumbani?"

"Tangulia," Vidole akajibu. "Mwambie mama nitachelewa."