Jino la Kwanza la Levi

Levi alilia tangu asubuhi. Hakuwa mtoto wa kulialia. Majirani pale Rodi Kopany walizoea kumwambia mama yake, Irine, kwamba amejaliwa mtoto mpole. Lakini siku hiyo alikataa kunyonya, akatafuna ngumi yake, udenda ukamtiririka hadi kidevu kikachubuka.

Irine alikuwa amempeleka kliniki. Muuguzi alimpapasa ufizi akasema ni meno tu, hana homa wala ugonjwa: nawa mikono, msugue ufizi taratibu kwa kidole, mpe kitambaa safi chenye ubaridi atafune. Basi Irine akachemsha maji, akayapoza mtungini, akachovya kitambaa. Levi akakiuma, akatulia kidogo, akaanza tena.

Kilio hicho kilivuka ua hadi nyumba ya mama mkwe wake, Risper. Irine alijua kimefika, maana mlango wa kule ulifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena. Zamani mama huyo angekuwa ameshaingia, mtoto ameshamfunga mgongoni.

Zamani, kabla Awino hajafa.

Awino alikuwa kifungua mimba wa Irine. Alipofika umri kama huu, naye alikataa kunyonya, akaharisha. Irine alikuwa sokoni akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtoto amemwacha kwa bibi yake. Risper alimfungua mdomo, akaona vijivimbe vyeupe kwenye ufizi, akasema ni meno ya plastiki, yale ambayo watu hudai humuua mtoto yasipong'olewa. Hakufanya kwa ubaya. Watoto wake wote walitolewa meno hayo, na mwanamke aliyewatoa bado alikuwepo nyuma ya soko. Alimkimbiza huko. Ufizi ukachimbuliwa kwa spoki ya baiskeli. Irine aliporudi alimkuta mwanawe amevimba uso, damu haikatiki. Walimfikisha hospitali Homa Bay, lakini walikuwa wamechelewa. Wakarudi na sanduku dogo.

Tangu mazishi wawili hao walisalimiana, wakapalilia shamba moja. Levi alipozaliwa, Risper alimwona kwa macho tu. Hakuna aliyetamka katazo. Kila bibi alipokaribia, Irine alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, na bibi akaelewa.

Alasiri, mikono ya Irine ikiwa imekufa ganzi, Risper akasimama mlangoni.

"Hodi, Mama Levi."

"Karibu, Mama."

Hakuvuka kizingiti. "Ni meno?"

"Ni meno tu. Kliniki wamesema." Kisha Irine akaongeza kwa ukali ambao hakuutarajia, "Hakuna kitu cha kutolewa kwa mdomo wake."

"Najua. Sikuja kumshika. Nipe hizo vitambaa nikuoshee."

Irine akamwonyesha beseni kwa kidevu. Risper akaketi nje kwenye kigoda, akafua, akasuuza. Kazi ilipomkolea, bila kujua, akaanza kuimba wimbo wa Kijaluo wa kubembeleza, uleule aliomwimbia Awino. Levi akanyamaza. Akageuza kichwa kuitafuta sauti.

"Nyamaza, Mama!" Irine akapaza sauti. "Tafadhali."

Wimbo ukakatika. Mtoto akaangua kilio upya.

"Min Awino," Risper akasema, na Irine akashtuka. Hakuna aliyekuwa amethubutu kumwita Mama Awino tangu mazishi. "Mimi ndio nilimpeleka. Nilikimbia naye mpaka kiatu ikabaki njiani. Nilidhani namwokoa."

Kusamehe alikwisha kujaribu. Kanisani aliombewa, akainua mkono, akarudi nyumbani na donge lilelile. Akaurudia ufizi wa Levi, na hapo kidole kikakwaruzwa na kitu kigumu. Akamgeuza mtoto kwenye mwanga wa mlango. Ncha nyeupe, ndogo kama punje ya wimbi, ilikuwa imepasua ufizi.

"Mama. Kuja uone."

Risper akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, kisha akaja akasimama huku ameifumbata nyuma ya mgongo. Akainama hivyo hivyo, bila kugusa.

"Limetoka," akanong'ona. "Mjukuu wangu ameota jino."

Irine alingoja furaha ije. Kilichokuja ni uso wa Awino, akicheka siku moja kabla ya ugonjwa, mdomo wazi, ufizi mtupu wa waridi. Machozi yakamtoka. Risper alijua analilia nini, akalia naye, mikono yake bado nyuma. Levi akawatazama mmoja baada ya mwingine, kitambaa kinywani.

Irine alitaka kumpokeza mtoto. Alitaka kweli. Mikono ilikataa kulegea.

"Labda akianza kutembea," akasema mwishowe. "Atakuja kwako mwenyewe."

Risper akaitikia kwa kichwa. Akaanika vitambaa kwenye kamba, kimoja kimoja, akavinyoosha vizuri, kisha akarudi nyumbani kwake.