Swali Lililokuwa Ndani ya Video

Mtaani walimwita Mama Skani, maana kazi yake ilikuwa hiyo: kuskani vyeti vya watu, kuviambatisha kwenye barua pepe na kuwatumia mabosi ambao mara nyingi hata hawavifungui. Alikuwa na kompyuta moja, printa yenye kiburi, na baba mgonjwa katika chumba cha nyuma ya duka.

Mzee alikuwa na neno kwa mwanawe wa kwanza, aliyehamia ughaibuni, na hakutaka kulisema kwenye simu.

"Kwenye simu ana haraka siku zote," alisema. "Nirekodi, mwanangu. Video ataitazama ametulia."

Akamrekodi. Mzee alizunguka weee, akamkumbuka marehemu mkewe, akaomba radhi kwa fimbo za zamani, na mwisho kabisa akauliza: "Utakuja nikuone kabla sijaondoka?"

Video ilikuwa nzito, barua pepe ikaikataa. Mama Skani akaipakia kwenye tovuti ya kutumia mafaili makubwa, ikampa linki, naye akamtumia kaka yake. Faili hukaa humo wiki moja tu, kisha linafutwa. Kaka mtu alijibu siku ileile: "Nimeitazama yote. Nimelia sana."

"Na lile swali?" mzee akauliza.

Akamwandikia kaka yake. Jibu likaja upesi: "Mwambie ndiyo. Yote aliyosema, ndiyo."

Basi mzee, aliyekuwa hali akashiba wala halali akapumzika, akataka chakula. Akataka kunyolewa ndevu. Kila asubuhi alivalishwa shati jeupe, akaketishwa kwenye kiti kinachotazama mlango. Mama Skani akawa anajisifu kwa wateja: kaka yangu anakuja, mtamwona.

Wiki ilipokwisha, akiwa katikati ya kuskani cheti cha mtu, ujumbe wa tovuti ukaingia. Faili lako limefutwa. Halikufunguliwa na mtu yeyote.

Aliusoma tena na tena. Mteja alipoondoka akapiga simu.

"Kaka, baba alikuuliza nini kwenye ile video?"

"Si... mambo ya afya yake? Mdogo wangu, kazi zimenibana, halafu ile linki ilikuwa inasumbua."

Linki haikusumbua lolote. Mtu mzima na akili zake amelia machozi kwa kitu ambacho hakukiona, na yeye Mama Skani ndiye aliyempelekea mzee machozi hayo kitandani.

"Alikuuliza kama utakuja umwone kabla hajafa. Ukasema ndiyo."

"Mwaka huu siwezi," kaka yake akasema, baada ya kuguna. "Mwambie chochote. Wewe unamjua."

"Ni yeye huyo?" mzee akaita kutoka ndani. "Mwambie asihangaike na zawadi. Aje tu."

Akaenda na simu mkononi, damu inamchemka, ampe mzee ajisikilizie mwenyewe. Akamkuta kwenye kiti, vifungo vimefungwa hadi shingoni, ametabasamu. Hasira haikumwisha, ila miguu ilisita pale mlangoni. Akairudisha simu sikioni.

"Baba anasema usihangaike na zawadi," alimwambia kaka yake. "Uje tu."

Upande wa pili hakukujibiwa kitu.

"Anasemaje?" mzee akauliza.

Alimchukia kaka yake kwa moyo wote, na sauti ikamtoka laini.

"Anasema ndiyo, baba."