Uzito wa Chumvi

Mpwa alikuwa akiupangusa mfuko wa mwisho kwa brashi laini, mchanga ukidondoka kidogo kidogo juu ya gazeti. Ulikuwa mfuko wa wavu, mpana kama kiganja. Ndani yake mlikuwa na majani ya vichaka vya jangwani, ambayo mjomba wake aliyapima gramu kumi kamili, akayashona na kuyafukia katika udongo wa chumvi nyuma ya kituo cha utafiti. Yalikaa humo miaka sita. Juzi mpwa aliyafukua na kuyakausha. Sasa aliyamimina kwenye mizani, akaandika kwanza, kisha akasema:

"Kumi nukta mbili."

"Umeona?" mjomba alijibu kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango. Macho yake yalikuwa yamestaafu kabla ya miguu. Aliona mwanga tu. "Hayajaoza hata punje."

"Yameongezeka, mjomba. Jani lililokufa linakula nini hata linenepe?"

"Linakula jeuri ya wapwa."

Mpwa alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Ukutani, ndani ya fremu, palikuwa na sentensi moja kwa mwandiko wa mjomba: *Katika udongo wa chumvi, majani hayaozi.* Mjomba aliingia kituoni kama mlinzi wa geti, akajifunza kupima kwa kuwachungulia wataalamu, mpaka watu wakamwita Bwana Mizani. Hakuwa na mtoto wala nyumba. Alikuwa na sentensi hiyo.

Asubuhi, bila kumwambia, mpwa alikuwa ameyatia majani ya mfuko mmoja katika kikombe cha kauri na kuyachoma kwenye tanuri. Jani huungua likaisha; chumvi na mchanga haviungui. Kikombe kilikuwa kimeshapoa. Alikipima mara tatu, akitumaini mizani ikosee walau mara moja.

"Mbona kimya?" mjomba aliuliza. "Na hiyo ni harufu ya majani. Umechoma."

"Nimechoma, mjomba. Mfuko mmoja."

"Nilikukataza. Jani nililolilea miaka yote hiyo uliunguze kwa mchana mmoja?"

"Nisamehe. Majivu ni gramu tano nukta sita. Majani mapya ya uzito uleule hayatoi hata gramu moja."

Vidole vya mjomba vilihesabu juu ya goti, taratibu, vikarudi mwanzo, vikahesabu tena.

"Basi karibu nusu imeoza," alisema.

"Karibu nusu."

"Na chumvi ikaingia kukaa mahali pake." Alipapasa meza mpaka akalipata jani moja, akalisugua. Lilikuwa gumu, likikwaruza. "Nilikuwa nikilishika hivi najiambia, limekauka tu. Hata nyama hutiwa chumvi isioze. Kumbe miaka yote nilikuwa napima chumvi."

Nje upepo ulisugua mchanga kwenye bati.

"Huo ni mfuko mmoja," mjomba alisema mwishowe. "Mfuko mmoja si ushahidi. Fungua kabati."

Kabatini zilipangwa bahasha mia moja na ishirini, majani yaliyofukuliwa kila mwaka tangu aanze. Hakuna lililowahi kutupwa.

"Nikichoma hayatarudi, mjomba."

"Najua moto unavyofanya kazi, mwanangu. Anza na ya mwaka wa kwanza. Yale niliyaandika ningali naona."

Mpwa alifungua bahasha sita, akajaza vikombe sita, akavipanga tanurini kwa koleo. Tanuri halikuwa na nafasi zaidi. Jua lilikuwa limeshaingia mlangoni, na majivu hayapimwi yakiwa ya moto. Yangepoa hadi asubuhi.

Alisimama mbele ya fremu, akanyoosha mkono.

"Iache hapo," mjomba alisema, maana alisikia hatua zake zilikokwenda. "Zimebaki ngapi?"

"Mia moja na kumi na nne."

"Basi niamshe mapema kesho. Na namba usinitajie kabla hujaandika."