Kwetu Hatupigi Hodi

Marisau ya bunduki yalimpata ndugu yangu Colman kifuani akiwa ameshika sahani kwa mikono miwili. Sahani moja imefunikwa kwa nyingine, katikati nyama ya nguruwe ya kuchemsha, kabichi na viazi vitatu. Ilikuwa saa saba mchana, Alhamisi ya mwezi wa Novemba, mvua inanyesha na kofia ya koti imemfunika uso. Aliusukuma mlango wa nyuma kwa goti kwa sababu hakuwa na mkono wa kuusukumia. Mzee Bartley Cloherty, aliyekuwa amekaa kando ya jiko na bunduki mapajani tangu asubuhi, akasikia mlango unapigwa teke. Akafyatua mitutu yote miwili.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa Dublin, bungeni, nakula mkate na chai. Lakini niliiona ile sakafu masaa machache baadaye, kabla hawajaiosha, na tangu siku hiyo siwezi kusema kwamba sikuwepo. Damu ilikuwa imefika chini ya kabati la vyombo. Viazi viwili vilikuwa vizima kabisa. Cha tatu polisi mmoja alikikanyaga, akawa anatembea nacho kisiginoni, kila akipita anaacha alama nyeupe, na hakuna aliyemwambia.

Lazima niseme jambo moja kuhusu Kilcurra, maana hata mawakili wa mjini ilibidi waelezwe mara mbili. Kwetu mlango wa mbele ni wa padri, wa polisi na wa jeneza. Jirani, rafiki, mtu wa nyumbani, huyo anazunguka nyuma, anausukuma mlango na kwenda moja kwa moja kwenye birika. Hapigi hodi. Ukipiga hodi nyuma ya nyumba ya mtu wa Kilcurra utamsikia ndani anaguna, "Nani huyo, tumemkosea nini?" Colman alikuwa ameusukuma mlango wa Bartley kwa miaka thelathini na minane bila hodi hata moja. Bartley hakuoa wala hakuzaa. Colman ndiye aliyemkatia majani, aliyemzalishia ng'ombe, aliyempeleka kunyolewa.

Na kituo chetu cha polisi kilikuwa hatua mia tatu kutoka kwa Bartley, mpaka tulipokifunga. Nasema tulipokifunga. Benki zilikuwa zimeanguka na kuiangukia nchi nzima, mimi nilikuwa mbunge wa chama tawala, na kila wiki tulikuwa tunaletewa orodha ya vitu vya kukata. Nililalamika, jamani. Kwenye kikao cha chama nilisimama nikasema: mmeondoa posta, mmeondoa basi, vijana wamepanda ndege kwenda Australia, sasa mnaondoa polisi, mnawaachia wazee nini, milango yao tu? Wenzangu wakapiga meza kunipongeza. Kisha tukaingia ukumbini tukapiga kura ya ndiyo, na mimi nikiwemo.

Nilipokwenda kuwaeleza watu wangu, kiti kilirushwa kutoka nyuma ya ukumbi, kikanikosa, kikampata mpiga picha wa gazeti mdomoni, akatema jino. "Mheshimiwa," mtu akapaza sauti, "na hilo jino nalo mtaliwekea kodi?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, mjinga mimi, nikadhani yamekwisha.

Wezi walikuja mwezi wa Oktoba, mchana kweupe, siku ya mazishi. Wezi wa siku hizi husoma matangazo ya vifo kuliko sisi wabunge. Kijiji kizima kilikuwa kanisani, nami nimesimama mahali nitakapoonekana, maana kwetu mbunge asiyekwenda mazishini ajue kiti chake kimeshakwenda. Bartley alibaki nyumbani kwa sababu ya kikohozi. Watu watatu wakausukuma mlango wa nyuma kama wenyeji. Alisema baadaye kwamba aliinua kichwa akiwa na tabasamu, akidhani ni Colman.

Walimfunga mikono kwa kamba ya marobota ya nyasi, wakampiga kwa chuma chake mwenyewe cha kuchokolea moto. Taya lilivunjika mahali pawili. Mmoja alimkanyaga vidole, kimoja kimoja, akimuuliza pesa iko wapi, na Bartley hakuwa na pesa ya kuwaonyesha. Jicho la kushoto lilipasuka. Wakaondoka na televisheni na saa ya ukutani ya mama yake. Gari la polisi lilitoka mjini, ni moja tu kwa wilaya nzima, likafika baada ya dakika hamsini. Colman ndiye aliyemfungua zile kamba, kwa meno, kwa sababu mafundo yalikuwa yamekaza.

Wiki tano Bartley alilazwa hospitalini, kisha akarudi kwake siku ya Jumatano. Mchana wa siku hiyo alinipigia simu. Nakumbuka vizuri mahali niliposimama, kwenye ngazi za bunge, na kengele zinalia kutuita kwenye kura. Kengele zikinyamaza milango inafungwa, na aliyechelewa amechelewa.

"Mal, ni mimi Bartley."

"Mzee Bartley! Umerudi?"

"Nimerudi. Sikiliza, bwana. Nimeijaza bunduki. Waambie watu wapige hodi."

"Unasemaje?"

"Wapige hodi! Jicho moja limekufa na hili jingine linaona ukungu. Atakayeingia kimya nitampiga risasi, Mal, sitamwuliza jina."

"Basi mwambie Colman. Si kesho atakuletea chakula?"

Nilisikia pumzi yake ikipita kwenye lile taya lililofungwa waya.

"Nimwambie Colman apige hodi kwangu? Kwa mdomo gani? Aliyenifungua kwa meno yake nimwambie asimame nje kama mchuuzi? Wewe ndiye mbunge. Ukisema wewe, ni tangazo tu, halina tusi. Nisemee."

"Nitamwambia," nikasema.

Mnadhimu wa chama alikuwa ameshanishika kiwiko. "Malachy, kengele!" Nikakimbia. Na unajua kura yenyewe ilihusu nini? Wapinzani walileta hoja kwamba vituo vya vijijini vifunguliwe. Nikakaa kwenye kiti changu nikabonyeza kitufe cha hapana, mapigo ya moyo yakiwa bado juu kwa ajili ya zile ngazi.

Nilipotoka nilikuwa na simu mkononi. Jina la Colman lilikuwa pale kwenye kioo. Ningesema nilisahau, watu wangenihurumia, lakini sikusahau. Niliona aibu. Kumwambia ndugu yangu apige hodi kwa Bartley ilikuwa kukiri kwa kinywa changu kwamba Kilcurra yetu imekwisha, na kwamba mkono wangu umo. Na Colman angecheka kile kicheko chake cha puani, aseme, "Kwani mmepitisha sheria ya hodi sasa?" Nikairudisha simu mfukoni. Nikajiambia nitamweleza Jumamosi, uso kwa uso, tukiwa na glasi mezani.

Alhamisi akafa.

Watu walipanga foleni kanisani kutupa mkono wa pole, karibu elfu mbili, "pole kwa msiba, Mal, pole sana," na Noreen, mke wa Colman, amesimama kando yangu ameshikilia mkono wangu asianguke. Mimi ndiye niliyekuwa nguzo yake. Kila mkono ulionishika ulinichoma. Siku hiyo hiyo wachezaji wa zamani wa timu ya mpira aliyochezea Colman ujanani walikwenda wakavunja madirisha yote ya Bartley kwa mawe, wakamuua mbwa wake kwa gongo. Bartley mwenyewe alikuwa mahabusu.

"Afie ndani," Noreen aliniambia. "Unanisikia, shemeji? Nataka afie ndani."

Polisi walikuja kuniuliza. Mzee anadai alikupigia simu akakuonya, ni kweli? Nikasema alinipigia kunijulisha kwamba amerudi, basi. Maneno matano hivi. Polisi akayaandika, akanishukuru, akaniuliza kama mshahara wao utapunguzwa tena.

Kwa hiyo ikawa neno la mbunge dhidi ya neno la mzee aliyepigwa chuma kichwani. Mwendesha mashtaka alikuwa na shahidi aliyemsikia Bartley dukani, siku ile aliyorudi, akisema atamlaza mtu chini kwa risasi. Alikuwa na uthibitisho, yaani maelezo yangu, kwamba Bartley hakumwonya yeyote. Mzee wa miaka sabini na tisa, na gereza linamsubiri. Miezi kumi nilikaa na jambo hilo. Nilikuwa naamka nimeuma ulimi. Siku moja nilimpiga ngumi mtu kwenye baa kwa sababu alimtetea Bartley, nikamvunja pua, na wakati damu inamtoka nilikuwa najua kwamba anachosema ni kweli.

Nikaitwa mahakamani kuthibitisha maelezo yangu. Bartley alikuwa kizimbani, shati limekuwa kubwa shingoni, jicho moja limeshonwa. Nilitegemea chuki, ningeiweza chuki. Akageuza lile jicho zima, akanitafuta, akanipata.

"Habari za bunge, Mal?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kumwona jirani.

Jaji akamwambia anyamaze. Nilishika ukingo wa mbao wa kizimba cha mashahidi kwa mikono yote miwili.

"Mheshimiwa," akasema mwendesha mashtaka, "mshtakiwa alipokupigia simu siku ile alikuambia nini?"

"Aliniambia niwaambie watu wapige hodi."

Akapekua karatasi zake. "Hapa ulisema—"

"Nilidanganya. Alisema ana bunduki na haoni vizuri. Alimtaja Colman. Alinituma."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

Nyuma yangu nikasikia kiti kinasogezwa. Sikugeuka. Nilijua ni nani.

Noreen alinisubiri kwenye ngazi za nje, mbele ya kamera zote. Hakunipiga kofi, alinipiga ngumi, ngumi ya mwanamke aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, miwani ikavunjikia usoni na kioo kikanipasua nyusi. Nikaona nusu ya dunia nyekundu. Akanipiga tena. Polisi wawili walimshika, nikawaambia wamwachie, akanipiga mara ya tatu, hapo nikapiga magoti.

"Dakika moja, Mal," alisema. Hakupaza sauti. "Ulitakiwa utoe dakika moja. Siku kumi na mbili mfululizo baada ya mazishi nilikuwa nakupikia chai jikoni kwangu, na ulikuwa na siri hiyo mdomoni."

Bartley aliachiwa. Hakurudi Kilcurra, walimpeleka kwenye nyumba ya wazee, akafa kabla ya Pasaka. Nilikwenda kumzika, nikasimama nyuma, hakuna aliyenipa mkono.

Uchaguzi ulikuja mwaka uliofuata. Chama kilinishauri nipumzike, nikakataa. Nilitaka watu wenyewe waniadhibu, wanivue hadharani, nilale. Nikawaambia kila mahali, kijiji kwa kijiji: nilifunga kituo, nilinyamaza, ndugu yangu akafa. Loo, sikuwajua watu wangu. Wazee walinishika mabega. "Angalau wewe umesema, bwana," wakaniambia. Picha yangu nimepiga magoti na damu usoni ilikuwa imeingia magazeti yote, na kumbe watu wanampenda mtu aliyepigwa.

Kura zilihesabiwa kwenye ukumbi wa michezo mjini. Jioni walituita wagombea na mawakala tuzikague kura zenye utata, kama ilivyo kawaida. Msimamizi aliziinua moja moja. Mmoja amechora nguruwe. Mwingine ameandika tusi refu kuhusu benki, tukacheka. Kisha akainua moja kutoka sanduku la shule ya Kilcurra.

Picha zetu wagombea na visanduku vyake vilikuwa safi, havikuguswa, hata changu. Chini ya vyote, mahali ambapo karatasi ina nafasi nyeupe, mtu alichora mstari kwa kalamu, akaandika jina jipya kwa herufi za taratibu, Colman Hession, akatengeneza kisanduku chake pembeni kama vile vyetu, na ndani ya kisanduku akaweka namba moja, maana kwetu unayemchagua kwanza unampa namba moja. Mwandiko niliujua, ni wa Noreen.

"Huyu hakuwa mgombea," alisema msimamizi. Alitoka mbali, hakujua. "Kura imeharibika. Kuna mwenye pingamizi?"

Wenzangu walikuwa wanaangalia sakafu. Akanigeukia mimi.

"Sina," nikasema.

Akaigonga muhuri, akaitupa pamoja na ya nguruwe, kisha akapanda jukwaani kutangaza kwamba nimeshinda.