Sufuria ya Buluu ya Mama Sahara

Mwaka wa sabini na nane, aliyenenepa kuliko wote katika boma letu pale Mutomo alikuwa mbwa. Jina lake Simba. Alikuwa mnene hivi kwamba alibweka akiwa amekaa, na mwizi akija ilibidi amruke. Mlishaji wake alikuwa mtoto wangu Ndolo, wa miaka sita, ambaye kila sahani ya muthokoi aliyowekewa juu ya meza aliipitisha chini ya meza. Mahindi yaliyokobolewa, maharagwe, majani ya kunde, malenge, vyote vilishuka kwa Simba. Ndolo mwenyewe aliishi kwa chai ya sukari, mandazi na hewa.

Ukitaka kujua alivyokonda, ungemuuliza mchungaji wetu. Alikuja kutuombea Jumapili moja, akamaliza, akanyoosha mkono nyuma ya mlango kuchukua fimbo yake, akaondoka na Ndolo. Walikuwa wamekaribia kanisani ndipo fimbo ikamwambia inataka kukojoa. Asiyeamini shauri yake.

Mke wangu Kavata alijaribu kila njia. Alimwimbia, akambembeleza, akamchapa kidogo. Akamwambia asiyekula kunde huanguka masikio, na Ndolo akaanza kukagua masikio ya watu wazima sokoni, akiyavuta kidogo kuona kama yameshika. Mimi nami nilifundisha kwa maneno. Siku hizo nilikuwa naendesha greda ya kutengeneza barabara, kwa hivyo nilikuwa na sauti ya kushindana na injini.

"Ndolo, mboga ni nguvu. Unaniona mimi?"

"Nakuona."

"Mimi nilikula mboga."

"Baba, mbona unanuka mbuzi?"

Swali hilo halikuwa na adabu. Ni kweli kwamba kila jioni, kabla ya kufika nyumbani, nilipitia kwa mchinjaji na jirani yangu Dubow, tukasimama tukamaliza mbavu za kuchoma. Lakini somo lilikuwa la mboga, si la mbavu.

Huyu Dubow alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Garissa, na alikuwa na duka pia. Yeye na mkewe Nadifa walikuwa na binti mmoja, Sahara, rika la Ndolo. Kati ya boma lao na letu palikuwa na uzio wa miiba, na kwenye uzio palikuwa na tundu ambalo kuku na watoto walilitumia bila kuuliza mtu.

Basi ikaja habari kutoka Kanyangi, kwa mamangu mzazi, Kalunde. Alimtuma mtu aliyekuwa anapita na ng'ombe aseme hivi: "Nakuja Ijumaa. Nikimkuta huyo mtoto bado ni ufito, narudi naye nikamlishe mwenyewe."

Kavata aliposikia alikaa chini. Hamkumjua mamangu. Kifungua mimba wetu, Mutindi, alichukuliwa na mama aende akale maembe wiki moja. Maembe yakaisha, miti ikachanua tena, ikazaa tena, na Mutindi sasa alikuwa darasa la tatu huko Kanyangi. Mama aliweka wajukuu kama serikali inavyoweka kodi. Mlango wa kuingilia upo. Wa kutokea hakuna aliyewahi kuuona.

"Huyu hamchukui," Kavata akasema. "Baba Ndolo, unanisikia? Wa kwanza nilinyamaza. Akimchukua huyu, anichukue na mimi, na wewe ubaki hapa na mbwa."

Nikamwambia nimesikia.

Kesho yake asubuhi Nadifa akaja kwenye uzio, ushungi wake ukinasa kwenye miiba.

"Mama Ndolo, huyu mtoto wako mnamnyima chakula? Jana amekula kwangu wali na maini. Amekunywa maziwa ya ngamia kwa kikombe cha Dubow. Akamaliza papai, akaniuliza hilo lingine nimeliweka la mapambo?"

Kavata akaweka ndoo chini. "Nadifa, kama umechoka na mtoto wangu, niambie nimfunge kamba. Usinicheke kwa vile hali."

"Nikucheke na nini? Wallahi, wangu ndiye hali. Amelelewa dukani. Biskuti zote anazijua kwa majina, lakini nikimpa maziwa anauliza anaumwa nini."

"Sahara?"

"Sahara."

"Sahara huyu aliye jikoni kwangu saa hii?"

Wakaingia wote wawili kuangalia. Sahara alikuwa amekaa upande mmoja wa sufuria ya muthokoi na Simba upande wa pili, na Simba alikuwa anashindwa.

Walicheka mpaka nikatoka nje nikidhani kumetokea msiba. Kisha Kavata akaacha kucheka ghafla.

"Sasa Ijumaa nitafanyaje? Mama mkwe ataka amwone akila kwangu, kwa chakula changu. Siwezi kumwambia, mama, ngoja kidogo, mjukuu wako ameenda kula kwa jirani."

Nadifa akafikiri. "Kwangu anakula nini?"

"Si umesema kila kitu."

"Kila kitu kinachotoka kwa sufuria yangu. Hiyo ndiyo anaijua."

Akarudi kwake, akaja na sufuria ya buluu yenye maua mekundu ubavuni, kitu kizuri kilichotoka naye kwao. "Chukua. Pika muthokoi yako, weka humu. Lakini mafuta nitakupa mimi, na upike mboga na nafaka tu. Sufuria yangu isikutane na nyama nisiyoijua."

"Na wewe chukua yangu," Kavata akasema, akimpa ile nyeusi ya jikoni. "Ndani sugua unavyotaka. Nje usiguse. Sahara akikosa hayo masizi, hataijua."

Nadifa akanigeukia mimi. "Na nyinyi wanaume, jioni mkae mle na watoto. Hicho hicho wanachokula. Nimeshamwambia Dubow, amenuna."

Jioni ile mchezo ukaanza. Kavata alipika muthokoi ile ile ya kila siku, akaitia kwenye sufuria ya buluu, akaipitisha kwenye tundu la uzio. Nadifa akaipokea, akazunguka mbio, akaja kwa mlango wa mbele akipiga hodi kama mgeni wa harusi.

"Nimewaletea chakula kidogo jamani, kimebaki."

Ndolo aliiona sufuria ile akaacha mandazi. Akala sahani, akaongezwa, akaramba kijiko. Simba alingoja chini ya meza mpaka akachoka, akatoka kuangalia kuna nini. Alinitazama kama mtu aliyefutwa kazi bila notisi.

Na mimi nilikula. Kunde Jumatatu, kunde Jumanne, malenge na kunde Jumatano. Kavata alikuwa ananitazama, basi nilitafuna nikitabasamu. Alhamisi nilipita sokoni nikapiga chafya, na mbuzi wote waliokuwa wanauzwa wakageuka kunifuata. Dubow alinisalimia kwa mbali. Alisema kwake ni maziwa na papai, papai na maziwa, na kwamba mchinjaji ameuliza kama tumehama.

Ijumaa mama akashuka kwenye basi na kiondo chake na jogoo kwapani. Alimsimamisha Ndolo mlangoni, akamgeuza nyuma na mbele kama mtu anayenunua ndama.

"Amepata mashavu kidogo," akasema. "Au ni mwanga."

Jioni tukaketi. Nadifa akaja na hodi yake, akaweka sufuria ya buluu mezani, akaondoka. Mama hakula. Alimtazama Ndolo. Ndolo akala muthokoi, akala kunde, akatafuta malenge chini ya kunde, akaomba nyingine.

Nikaona mambo yamekwisha vizuri. Nilikuwa nimekosea.

"Chakula hiki kimepikwa na nani?" mama akauliza.

"Mama Sahara, susu," Ndolo akamjibu bibi yake, mdomo umejaa. "Mama hajui kupika hivi."

Kavata akaniangalia. Mimi nikaangalia paa. Angesema ni yeye aliyepika, mtoto angeweka kijiko chini pale pale, mbele ya bibi yake. Asiposema, ni kana kwamba hana jiko. Akashika meza kwa mikono miwili.

Mama akavuta sahani, akaonja. Akaonja tena. "Kivuva, huyu Msomali anapika muthokoi kumshinda mke wako. Amejifunza wapi?"

"Mungu hugawa vipaji, mama," nikasema.

Kavata akakanyaga chini ya meza, akilenga mguu wangu. Simba ndiye aliyelia.

"Basi mjukuu wangu anaishi kwa huruma ya majirani," mama akasema. "Kesho naondoka naye." Akainuka, akazichukua kaptura za Ndolo zilizoanikwa kwenye kamba, akazikunja, akazitia kwenye kiondo. Kavata aliosha sufuria ile ya buluu kwa muda mrefu sana, mpaka nikaogopa maua yatatoka.

Asubuhi mama akatangaza kwamba yeye si mtu wa kuondoka bila kushukuru, na kwamba anakwenda kumwona huyo mpishi. Kavata akakimbilia tundu la uzio ili amtangulie, gauni likanaswa na miiba. Mimi nikafuata kwa mlango. Wote tukafika tumechelewa.

Nadifa alikuwa barazani na Sahara. Mtoto alikuwa anakula wali na maini, kikombe cha maziwa mkononi, na mbele yake imekaa sufuria nyeusi yenye masizi.

"Shikamoo, susu," Sahara akasema kwa Kikamba kidogo na Kiswahili kidogo. "Karibu. Hiki ni cha Mama Ndolo. Ni kitamu."

Mama alikuwa anaitazama sufuria. Akainama, akapitisha kidole ubavuni mwake.

"Hii naijua hata gizani," akasema polepole. "Niliinunua Kitui. Niliwapa siku ya harusi yenu. Hili bonde hapa ni kichwa cha baba yako, Kivuva."

Nadifa akamwambia Sahara aende aone kama kuku wametaga. Mtoto akaondoka na kikombe chake.

"Yangu iko hapa, na ya hapa iko kule," mama akasema. "Nataka kujua nani anapika nini."

Kavata akasema. Alisema yote akiwa bado na miiba kwenye gauni: mbwa, uzio, mafuta ya Nadifa, hodi za uongo. "Muthokoi ni yangu, mama. Ni ile ile anayoikataa siku zote. Nisingeweza kusema mbele yake. Na kama ni kumchukua, chukua, lakini ujue jana alishiba kwa mikono yangu."

Nikajitayarisha. Nilikuwa nimeona mama akikasirika, na nilikuwa nimeona bonde la kwenye sufuria. Lakini mama alivuta kigoda akakaa.

"Na hila hii haishindwi?"

"Mpaka sasa haijashindwa," Nadifa akasema.

Mama akawatazama kuku kwa muda. "Hii ya buluu, Mama Sahara, unaweza kuniazima niende nayo Kanyangi?"

"Ya nini, mama?" Kavata akauliza.

"Mutindi hali."

"Tangu lini?"

"Tangu maembe yaishe."

"Mama, yale maembe yaliisha nikiwa bado nanyonyesha Ndolo."

"Sasa nifanye nini? Nampikia isyo ya mahindi na maharagwe, anampa punda. Anakunywa chai, na anakula udongo wa ukuta wa jiko. Upande mmoja wote ameumaliza. Siku hizi napikia kwa upepo."

Nilitaka kucheka, Kavata akanitazama nikakohoa. Kisha akapiga magoti mbele ya mama kwa heshima zote, na sauti yake ilikuwa laini kama uji.

"Sufuria peke yake haisaidii, mama. Inataka jirani wa kuileta. Wewe huko jirani yako ni nani?"

"Nzuki."

"Mnaongea?"

"Na yule mwizi wa mipaka? Afadhali ukuta uishe."

"Basi jirani hapa yupo," Kavata akasema. "Na mimi nipo."

Jogoo wa mama, aliyekuwa ameletwa kama zawadi, aliwika kule kwetu. Mama akavuta kiondo, akatoa kaptura moja, akaiweka kwenye mapaja ya Kavata. Akatoa ya pili. Akatafuta chini kabisa, akatoa na sweta.

Wiki iliyofuata akarudi na Mutindi, amekonda hata Ndolo alimhurumia. Jioni ya kwanza sufuria ya buluu ikapigiwa hodi, na Mutindi akala mpaka akalala juu ya meza. Simba alipoona wamekuwa wawili na hakuna kinachoshuka, akaanza kukonda, akajifunza tena kubweka akiwa amesimama.

Mama alisema amekuja kumsindikiza mtoto tu. Akakaa mpaka mahindi yakavunwa. Kila mchana aliketi jikoni akimwona Kavata akipika muthokoi, akimwambia ongeza kunde, punguza moto. Kisha chakula kikiiva alikataa kuonja. Alikwenda kuketi mezani na wajukuu, akashika kijiko, na kungoja Nadifa apige hodi.