Sababu ya Kusimamisha Gari

Mimi ni mtu wa redio katika kituo cha polisi cha Brannick, Dakota Kaskazini, mwaka wa kumi na tisa sasa. Askari wa doria nawajua kwa sauti kabla ya sura. Maren Tofte, binti wa wakulima wa alizeti, alipoletwa kwetu Februari akiwa kuruta, nilimtambua mara moja: alizungumza polepole na hakumeza neno.

Alikabidhiwa kwa Sajini Duane Kessel amfundishe kazi kwa wiki kumi na mbili. Kessel alikuwa hodari, siwezi kumnyima haki yake. Ndiye aliyemfundisha kubadilisha njia ya doria kila siku ili wezi wasimzoee, na kutazama mikono ya dereva kabla ya uso. Zaidi ya yote, alimwambia, kabla hujasimamisha gari mjulishe mtu wa redio uko wapi, gari gani, lina watu wangapi na unalisimamisha kwa nini. Ukiangushwa pale, huyo ndiye atakayejua pa kukutafuta.

Lakini kulikuwa na Vernon Poitra, fundi bomba wa Kichippewa, kabila la wenyeji asilia wa huku, mtu wa makamo. Miaka minne nyuma alimshinda Kessel mahakamani, na tangu hapo haikupita wiki mbili bila pikapu yake kusimamishwa. Sababu ilikuwa ileile, taa mbovu. Kituo kizima tulijua ni uongo. Mimi pia nilijua, na nilikuwa naandika tu kwenye kumbukumbu za redio kila alichoripoti.

Alhamisi moja, saa nane mchana, Kessel alikuwa kwenye usukani na Maren ameshika redio. Kessel akamwamuru aripoti pikapu nyeupe iliyo mbele yao, ya Poitra. Maren akauliza sababu. Akaambiwa aseme taa ya breki. Akajibu kwamba wameifuata kupita njia panda tatu na taa zote ni nzima. Kessel akamwambia aache maswali, aongee.

Akaongea.

"Kituo, tuko Mtaa wa Tisa, karibu na reli. Pikapu nyeupe, mtu mmoja ndani. Sababu, Sajini Kessel anasema taa ya breki. Mimi naziona zote mbili zinawaka."

Askari wote waliokuwa barabarani walikuwa wamesikia.

"Nimekupata," nikasema. "Zote mbili zinawaka."

Kessel akaisimamisha hivyo hivyo, akaandika faini, akamtaka Maren asaini kama shahidi. Maren akaenda dirishani akamwomba Poitra akanyage breki.

"Binti, usijiharibie kazi kwa ajili yangu," Poitra akamwambia, mikono yake juu ya usukani. "Mimi nimeshazoea."

"Mimi sijazoea, mzee. Kanyaga."

Akazunguka nyuma, akatazama, akaandika kwenye daftari lake saa, mahali na alichokiona.

Ndani ya gari Kessel alimuuliza kama chuoni walimfundisha ubishi.

"Walinifundisha kuandika nilichokiona, afande."

"Nitakufelisha."

"Nifelishe. Sahihi yangu kwenye karatasi hiyo huipati."

Jioni ile Kessel alikuja chumba cha redio na kahawa mbili. Akaniomba kwa upole niseme sauti ilikuwa na mikwaruzo, haikusikika vizuri. Nikamwambia imesikika vizuri sana, na kahawa yake aondoke nayo. Kisha nikatoa nakala ya sauti ile iliyorekodiwa, nikaipeleka mwenyewe kwa luteni, mkubwa wa Kessel.

Kessel alimfelisha Maren kweli. Kwenye fomu aliandika kwamba kuruta huyu hafundishiki. Maren alitakiwa asaini kwamba ameisoma, akasaini, na chini yake akaongeza: "Nimesoma. Sikubali hata mstari mmoja." Akapewa mkufunzi mwingine na kuanza upya wiki ya kwanza. Kantini hakuna aliyekaa naye kwa mwezi mzima. Hakwenda kujibanza pembeni. Alikaa meza ya katikati, akanywa supu yake hadi mwisho, akawasalimu kwa majina waliokuwa hawamwitikii.

Faini ya Poitra ilifutwa. Kessel aliondolewa kwenye kufundisha, akahamishiwa stoo ya vielelezo, cheo chake hakikuguswa. Wapo wanaosema alionewa.

Juni Maren alifuzu. Wiki iliyofuata Poitra alikuja kituoni kumshtaki Kessel kwa faini za miaka yote minne. Askari wa kaunta akamwambia arudi siku nyingine. Maren akavuta kiti, akamwambia aketi, akaandika maelezo yake mbele ya rafiki zake Kessel kwa saa tatu.

Walipofika kwenye faini za mwanzo waliniita nithibitishe kumbukumbu. Mwandiko ulikuwa wangu. Maren akaniuliza, kwa sauti ileile ya redioni, kama siku zile nilijua taa hazikuwa mbovu. Poitra alikuwa ananitazama. Nikasema nilijua. Akaandika hivyo, akanisogezea karatasi, nikasaini jina langu lote.