Kilichobaki Kwenye Kichupa

Bibi wa mtoto wa kitanda cha nne alikuwa akitabasamu. "Ona anavyopiga miguu, mwanangu. Huyu atakuwa mpanda baiskeli."

Muuguzi aliacha nepi aliyokuwa akiifunga, akaja mbio. Wodini wanamwita Bi Nukta, kwa kuwa hapimi dawa bila kuitamka nukta ya desimali kwa sauti. Aliwahi kumwona mwenzake akiiruka. Alimshika mtoto paja. Mguu haukutulia. Midomo nayo ilikuwa ikinyonya hewa.

"Si mchezo huu, mama. Ni degedege. Jana alichelewa kutoka tumboni, akakosa pumzi, ubongo ukaumia."

Tabasamu la bibi lilimtoka polepole, kama mtu aliyeona aibu.

Daktari akaandika fenobabitoni, ya kutuliza degedege. Ni dawa ya kufungiwa kwa kufuli. Haitoki stoo bila karani wake. Karani alikuja na kichupa kimoja cha mililita moja mkononi na kitabu kikubwa kwapani.

"Cha mwisho hicho," alisema.

"Kilo tatu, miligramu sitini," Bi Nukta alisoma. "Sifuri nukta tatu ya mililita." Akavuta, akazimua, akaisukuma dawa taratibu kwa dakika ishirini huku akihesabu pumzi za mtoto. Karani alihesabu dakika. Miguu ikatulia.

"Haya, mwaga iliyobaki, nishuhudie."

"Kaka, imebaki sifuri nukta saba. Degedege ikimrudia, anapewa nusu ya ile ya kwanza. Hii inamtosha hata mara nne."

"Wakaguzi wakikuta kichupa kilichofunguliwa, kibarua changu kimeota nyasi. Sheria ni msumeno, dada."

Ikamwagwa kwenye sinki. Ilimuuma Bi Nukta, lakini mkono wake ndio uliomwaga. Karani akatia sahihi penye shahidi, akaacha kitabu mezani. "Kiasi ujaze mwenyewe. Nimechelewa kikao cha huduma bora."

Saa nne haijagonga, baiskeli ilianza tena.

Bi Nukta akampigia simu karani. "Maji yakimwagika hayazoleki," karani alinong'ona kutoka kikaoni. "Jaza fomu ya kuomba." Daktari akapiga simu hospitali kubwa: dawa ipo, gari la kuileta halipo.

"Sasa hivi anacheza, au?" bibi aliuliza.

"Hachezi, mama. Mshike mkono, usimbane."

Mtoto alikanyaga pedali zake hewani, akapumzika kidogo, akakanyaga tena. Bi Nukta hakuwa na wa kumtupia hasira. Akavuta kitabu. Safu ya kwanza, kiasi kilichotumika: sifuri nukta tatu. Safu ya pili, kiasi kilichomwagwa. Hapo kalamu ilisimama, kisha akaandika kwa herufi kubwa, akivuka mistari: *dozi ya pili ya mtoto wa kitanda cha nne, na ya tatu, na ya nne, na ya tano.*

Pembeni, penye shahidi, sahihi ya karani ilikuwa imeshakauka.